Kisa cha juisi ya ukwaju na unga wa "mara 50": pale kilo 33 za sukari zilipogeuka kuwa gramu 660

Hiki ni kisa cha kweli kwa maana kwamba mwenyewe kaniruhusu nikiandike, ila jina lake, mtaa wake, jina la bidhaa na maduka yote nimeyatoa. Nitamwita Dada K. Mimi nilisomea sayansi ya chakula na huwa naitwa na wajasiriamali wadogo wanaotengeneza juisi, jemu, siagi ya karanga na vitu kama hivyo, kwa hiyo humu ndani na mimi nimo, na sehemu nilizokosea nitazisema.

Naandika kwa sababu hizi paketi za unga mweupe unaoitwa "sukari ya kiwandani", yaani vitamu vikali vya kutengenezwa vinavyowekwa badala ya sukari, nazikuta kila kona sasa hivi, na wanaozitumia wengi sio watu wabaya hata kidogo, ni watu wanaohangaika na bei ya sukari tu.

Usuli: kabla ya tatizo

Dada K anatengeneza juisi ya ukwaju Dar es Salaam, chupa za mililita 300. Mpiko mmoja ni lita 300, yaani chupa 1,000. Ana vijana wawili wa kumsaidia na mdogo wake anayeshika hesabu. Anauza kwenye maduka ya mtaani, duka moja kubwa kidogo la kujihudumia, na kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na shule ya msingi. Juisi hiyo hiyo anaigandisha pia kwenye vifuko, zile barafu za watoto.

Resipi yake ilikuwa nzuri na ilikuwa imeshapimwa, nembo ya ubora anayo. Ukwaju unalowekwa, unachujwa, unatiwa sukari asilimia 11, unachemshwa mpaka nyuzi 85, unaachwa upoe, kinaingia kihifadhi cha sodiamu benzoeti kwa kipimo, chupa zinajazwa. Sukari kwa mpiko ni kilo 33. Na alikuwa na kifaa kimoja ambacho wenzake wengi hawana, refraktomita, kile kijidude unadondoshea tone la juisi kinakwambia briksi, yaani kiasi cha vitu vilivyoyeyuka humo ndani ambavyo kwenye juisi sehemu kubwa ni sukari. Juisi yake ilitakiwa kusoma 13, kumi na moja za sukari aliyoweka na mbili hivi za ukwaju wenyewe, maana ukwaju pamoja na ukali wake una sukari yake ya asili. Ikisoma 12 anajua kijana kapunja, ikisoma 15 anajua kazidisha. Kifaa hiki kikumbuke, nitakirudia.

Halafu ikaja mwanzo wa 2024. Mvua za El Niño zilisimamisha uvunaji wa miwa na viwanda vikashindwa kuzalisha, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi lakini mtaani ukienda unaambiwa elfu 4 na kuendelea. Dada K alikuwa amezoea kununua kwa 2,800, akajikuta ananunua kwa 4,500. Piga hesabu: kilo 33 kwa bei ya zamani ni 92,400, kwa bei mpya ni 148,500, tofauti ni elfu 56 na ushee kwa kila mpiko, na faida yake kwa mpiko ilikuwa inacheza kwenye laki na ishirini, laki na thelathini. Karibu nusu ya faida imekwenda kwenye sukari peke yake. Bei ya chupa hakuweza kupandisha kwa sababu wateja wake wamezoea bei ile na jirani yake anauza bei hiyo hiyo.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Alipokwenda kununua kihifadhi na chupa, muuzaji anayemjua siku nyingi akamwonyesha paketi ya kilo moja, unga mweupe, nje imeandikwa "50x" na maneno machache ya Kichina na Kiingereza. Akamwambia, "Dada, wenzako wote wanatumia hii, kilo moja ni kilo hamsini za sukari." Bei elfu 30. Dada K akagawanya palepale kwenye simu, 33 gawa kwa 50 ni 0.66, kwa hiyo gramu 660 kwa mpiko, kama elfu 20 badala ya laki moja na nusu. Ukiwa umekaa wiki tatu hulali kwa mawazo ya sukari halafu mtu anakupa hesabu ya namna hiyo, kusema kweli ni wachache wangekataa.

Mpiko wa kwanza akasimamia mwenyewe. Akapima gramu 660 kwenye mizani ya jikoni, akamimina kwenye tenki, wakakoroga. Alipoonja akaona utamu upo ila unachelewa, unakuja nyuma halafu hauondoki. Akatia refraktomita ikasoma 2. Akashtuka, akarudia, 2. Akajiambia kifaa hakiijui hii sukari mpya, akakirudisha kabatini. Lebo hakubadilisha, alikuwa na maelfu ya lebo zilizochapishwa tayari, zimeandikwa maji, ukwaju, sukari, kihifadhi. Kwa wenye maduka akawaambia kwa mdomo kwamba juisi ya sasa haina sukari, na hapo alikuwa anasema kwa nia njema kabisa, akiamini anawapa habari nzuri.

Mpiko wa pili ukaenda vilevile. Malalamiko yakaanza kidogokidogo, juisi nyepesi kama maji, kuna kiuchungu kinabaki kooni. Mama wa kibandani akasema barafu zimekuwa mawe, watoto wanazigonga ukutani.

Mpiko wa tatu Dada K alikuwa msibani mkoani. Kijana wake alikuwa ameshasikia "pakiti" ikitajwa mara nyingi kuliko "gramu 660", akafungua paketi nzima ya kilo moja akaimwaga. Na kwa kuwa tenki lilikuwa limejaa na mwiko wenyewe mfupi, hakukoroga mpaka chini. Chupa zilizojazwa mwanzo kutoka bomba la chini zilikuwa tamu za kukera, za mwisho afadhali. Refraktomita iko kabatini. Hakuna kitu chochote kwenye ile nyumba ambacho kingemwambia yule kijana kwamba amekosea.

Wiki hiyohiyo simu ikaingia kwenye namba iliyopo kwenye lebo. Ni muuguzi, baba yake ana kisukari, na kwa siku kadhaa mzee amekuwa akinywa chupa mbili tatu kwa siku kwa sababu mwenye duka kamhakikishia haina sukari. Binti kasoma lebo kakuta sukari. Swali lake lilikuwa moja, "Lebo inasema ipo, muuzaji anasema haipo, mimi nimwamini nani?" Dada K akaniambia baadae kwamba swali hilo ndo lilimtoa usingizini, kwa sababu na yeye alikuwa hajui jibu. Siku mbili baadae duka la kujihudumia likarudisha chupa zote zilizokuwa rafu. Ndo akanipigia.

Nilichokuta

Jambo la kwanza nililoomba ni karatasi ya huo unga, yaani una nini ndani. Hakuwa nayo. Tulimsumbua muuzaji siku nne mpaka akatuma picha ya karatasi ya mtengenezaji. Sodiamu siklameti asilimia 50, sakarini asilimia 5, iliyobaki dekstrosi (aina ya sukari) ya kujazia.

Kwa asiyevijua hivi vitu. Sakarini ndo kongwe kuliko vyote, iligunduliwa 1879 na Constantin Fahlberg kwenye maabara ya Ira Remsen kule Johns Hopkins, Marekani, na ni tamu mara 300 na zaidi ya sukari, ila ikizidi inaacha uchungu kama umelamba chuma. Umaarufu wake Ulaya uliongezwa na uhaba wa sukari wakati wa vita kuu ya kwanza, kwa hiyo Dada K hakuwa wa kwanza duniani kukimbilia kopo kwa sababu sukari haipo. Siklameti ilikuja 1937, utamu wake ni mdogo, mara 30 hadi 50, lakini inafunika ule uchungu wa sakarini ndo maana viwanda huzichanganya, mara nyingi kumi kwa moja kama kwenye paketi hii. Marekani waliipiga marufuku siklameti, tangazo lilitoka 1969, na mpaka leo hawajairudisha. Ulaya na nchi nyingi nyingine inaruhusiwa kwa kiwango. Kwa hiyo anayesema "ni sumu, Marekani wamekataza" na anayesema "Ulaya wanakula kila siku" wote wana kipande cha ukweli, swali la maana linabaki kuwa umeweka kiasi gani.

Sasa hesabu. Gramu 660 za unga, nusu yake ni siklameti, gramu 330. Gawa kwa lita 300 unapata miligramu 1,100 kwa lita. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO, kwa siklameti kwenye vinywaji vya namna hii ni miligramu 350 kwa kilo. Yaani ule mpiko uliopimwa vizuri, uliosimamiwa na mwenyewe, ulikuwa umepita mara tatu. Mpiko wa tatu, wa paketi nzima, ulikuwa na miligramu 1,667 kwa lita, karibu mara tano. Sakarini yenyewe wala haikuwa tatizo kwenye mipiko miwili ya kwanza, ilikuwa miligramu 110 kwa lita wakati Codex inaruhusu hadi 300.

Nikamwekea na kwa upande wa mtoto, kwa sababu kile kibanda cha shuleni ndo kilikuwa kinanikaa kichwani. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, JECFA, inasema siklameti mtu asizidi miligramu 11 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 220. Chupa moja ya Dada K, mililita 300, ilikuwa na 330. Chupa moja tu tayari kapita. Mtu mzima wa kilo 60 anafika kikomo chake kwenye chupa mbili, na yule mzee alikuwa anakunywa mpaka tatu.

Hapa nilimwona anabadilika rangi na nikamweleza vizuri, na ninyi nawaeleza: kile kiwango cha siku kimewekwa kwa mtu anayekula kitu hicho kila siku maisha yake yote, na kimewekwa mbali sana na dozi iliyoonyesha madhara kwa wanyama, kwa hiyo kukipita wiki mbili sio kwamba mtoto kalishwa sumu. Sikusikia mtu yeyote aliyeumwa. Lakini juisi ya mtoto haitakiwi kuishi ndani ya ile nafasi ya usalama, ile nafasi imewekwa kwa ajili ya yale tusiyoyaona.

Na yale maneno ya "haina sukari"? Ukwaju wake ulikuwa unaleta zaidi ya gramu 1 ya sukari kwa kila mililita 100 (ile 2 ya refraktomita ina tindikali ya ukwaju pia). Mwongozo wa Codex unataka bidhaa isizidi gramu 0.5 kwa mililita 100 ndo uiite haina sukari. Imepita zaidi ya mara mbili. Kwa mzee yule sio sukari nyingi, ni kidogo kuliko ile juisi ya zamani kwa mbali, lakini alikuwa anainywa kama maji akiamini ni sifuri, kwa neno la muuza duka aliyeambiwa na mtengenezaji ambaye hakupima.

Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kusimamisha na kurudisha. Dada K alitaka tumalizie zilizopo halafu tubadilishe, na ninamwelewa, ni hela zake zimelala pale. Nilimwambia chupa za mpiko wa tatu hazina mjadala. Za mipiko miwili ya kwanza nilisita, nikasema labda tubandike stika mpya. Mdogo wake, yule wa hesabu, ndo akatuuliza sote wawili, "Stika itaandikwa nini? Kwamba imezidi mara tatu?" Tukanyamaza. Tulikusanya tulizoweza, 640 kati ya 3,000, zilizobaki zilishanyweka. Kwa yule muuguzi Dada K alipiga simu mwenyewe akamweleza kila kitu bila kuficha.

La pili, tutie nini. Hapa nilitaka tusifuate upepo, tuangalie juisi yenyewe inataka nini. Ukwaju ni mkali sana, pH yake (kipimo cha ukali, namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa) iko kwenye 3 hivi, unachemshwa nyuzi 85, halafu chupa zinakaa kwenye joto la Dar miezi. Kitamu chochote lazima kistahimili vitu vitatu hivyo.

Aspatemi, kitamu cha soda nyingi za dayati, Dada K aliikataa kabla sijafungua mdomo kwa sababu ya zile meseji za WhatsApp za 2023 kwamba inaleta saratani. Ni kweli Julai 2023 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliiweka kundi la 2B, yaani "huenda", kwa ushahidi mdogo, lakini mwezi huohuo JECFA wakaacha kiwango palepale, miligramu 40 kwa kilo ya uzito, na WHO wakaeleza kwamba mtu wa kilo 70 ingebidi anywe makopo zaidi ya 9 hadi 14 ya soda ya dayati kwa siku ndo akipite. Kwa juisi yetu sababu ya kuikataa ni nyingine kabisa, aspatemi inavunjika kwenye joto, na inatulia vizuri kwenye pH ya 4 na kidogo, ukishuka chini ya hapo na stoo ina joto, utamu unapungua wiki kwa wiki. Mteja wa mwezi wa kwanza anakunywa juisi tamu, wa mwezi wa tatu anakunywa siki. Pia inatakiwa onyo kwenye lebo kwa watu wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuvunja fenilalanini, kwa sababu aspatemi inayo. Alifika jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na nilimwambia hivyo, kwa sababu kesho akitengeneza kitu kingine njia ile itampoteza.

Stivia, kitamu kinachotokana na majani ya mmea, tulijaribu, ladha ya majani ilipigana na ukwaju. Asesulfemu K, kitamu kingine cha kutengenezwa, inastahimili joto lakini peke yake nayo ina kiuchungu. Tukaishia kwenye sukralosi. Hii ilipatikana Uingereza 1976, ni tamu mara 600 hivi, inastahimili kuchemshwa na inastahimili ukali.

La tatu ndo uamuzi ninaouona ulikuwa wa maana kuliko yote, hatukuondoa sukari yote. Sukari kwenye juisi inafanya kazi zaidi ya utamu, inaipa uzito mdomoni, inabeba harufu, na kwenye barafu inazuia maji yasigande yote yawe jiwe, ndo maana watoto walikuwa wanagonga ukutani. Dada K aliogopa pia kwamba sukari ikipungua juisi itaoza, na hilo nilimtoa hofu, asilimia 11 haihifadhi kitu, jemu ndo inahifadhiwa na sukari kwa sababu ina asilimia 60 na zaidi. Juisi yake inahifadhiwa na ukali, joto na benzoeti, na vyote vipo palepale.

Tukajaribu sukari asilimia 5 na sukralosi, watu 12 wa mtaani wakaonja, wengi wakasema "nyepesi". Tukapanda asilimia 7, tukaongeza ukwaju kidogo kuipa mwili, na sukralosi miligramu 70 kwa lita kuziba ile asilimia 4 iliyopungua. Hapo wengi walishindwa kuitofautisha na ya zamani. Kwa mpiko ni kilo 21 za sukari na gramu 21 za sukralosi. Miligramu 70 kwa lita iko mbali na kikomo cha Codex cha 300, na chupa moja ina miligramu 21 wakati kiwango cha JECFA kwa mtoto wa kilo 20 ni 300 kwa siku.

La nne ni namna ya kupima, na hili nililisisitiza mpaka nikachosha watu. Gramu 21 kwenye mizani ya jikoni inayoruka tano tano ni kubahatisha. Akanunua mizani ndogo ya kusoma desimali, zile za masonara. Sukralosi inapimwa na mtu mmoja, wa pili anasoma mizani na kusaini daftari, inayeyushwa kwanza kwenye lita moja ya maji moto, hiyo lita inaingia kwenye ndoo ya lita 20 ya shira, ndoo ndo inaingia tenkini huku mtu anakoroga na mwiko mrefu unaofika chini. Na paketi kubwa haikai tena karibu na tenki. Dada K anafunga vifuko vya gramu 21 mwenyewe mwanzoni mwa wiki, kimoja mpiko mmoja, kwa hiyo hata akiwa msibani yale mazoea ya "pakiti moja mpiko mmoja" yanamlinda badala ya kumwangusha.

La tano, lebo mpya yenye "sukari, kiongeza utamu (sukralosi)", neno "haina sukari" likafutwa hata mdomoni, na barua ikaandikwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania, wanaotoa ile nembo ya ubora) kueleza mabadiliko na kupeleka sampuli, kwa sababu nembo aliyopewa ni ya juisi ile iliyopimwa, sio ya juisi yoyote atakayoamua kutengeneza.

Matokeo

Hasara ya moja kwa moja ilikuwa zile chupa 640, lebo za zamani zote, na duka la kujihudumia ambalo mpaka naandika halijarudi. Maduka ya mtaani yalirudi karibu yote. Gharama ya utamu kwa mpiko, kilo 21 kwa 4,500 ni 94,500, weka sukralosi kama elfu 4, jumla 98,500. Linganisha na 92,400 aliyokuwa akitumia kabla sukari haijapanda. Yaani karibu ile pengo lote la El Niño lilizibika bila kugusa ule unga, na hili ndo linaloniuma nikilifikiria, maana lilikuwa linawezekana tangu siku ya kwanza.

Sukari ilivyoshuka baadae, alibaki na asilimia 7. Kwa kibanda cha shuleni aliamua tofauti, barafu za watoto zinatengenezwa kwa sukari peke yake, bila kitamu chochote, na anatengeneza chache zaidi. Nilimwambia kwa sukralosi ile hakuna tatizo la kiwango, akanijibu kwamba wazazi wa pale wanamjua kwa jina na hataki kuwaeleza gramu. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Na WHO wenyewe Mei 2023 walishauri vitamu hivi visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwagusa watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo kumzoesha mtoto utamu mkali wa aina yoyote sio kitu cha kukimbilia.

Uchambuzi: nini kilifanya kazi, nini kilianguka

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki wanaona kosa ni kutumia "kemikali". Mimi sioni hivyo. Hata sukralosi ni ya kutengenezwa, benzoeti ni ya kutengenezwa. Kosa lilikuwa kuamini kwamba "mara 50" ni maelezo ya kutosha kuhusu kitu unachowanywesha watu. Ile namba inakwambia utamu tu. Haikwambii kikomo, na kwa siklameti kikomo kinakuja mapema sana: miligramu 350 kwa lita, ukiizidisha kwa mara 35 ya utamu, ni sawa na sukari gramu 12 hivi kwa lita, asilimia 1 na kitu. Dada K alihitaji asilimia 11. Hakuna njia ambayo unga ule ungeweza kubeba juisi nzima bila kuvunja kiwango, hata ungepimwa na mizani ya dhahabu. Viwanda vikubwa vinachanganya vitamu viwili vitatu kwa sababu hiyo, kila kimoja kibaki chini ya kikomo chake, na pia kwa sababu vikichanganywa utamu unaongezeka na kasoro za ladha zinafichana.

Jambo la pili ni refraktomita. Nimelifikiria sana hili. Kwa sukari, Dada K alikuwa na jicho, kosa la kilo mbili linaonekana kwenye kioo kabla chupa haijazibwa. Alipohamia kwenye gramu, jicho lile likawa kipofu na halikubadilishwa na kitu kingine. Kifaa kiliposoma 2 kilikuwa kinasema ukweli mtupu, kwamba ndani ya tenki hakuna sukari zaidi ya ile ya ukwaju, na pia hakiwezi tena kukusaidia kujua umetia kiasi gani. Siku ile ndo ilikuwa siku ya kusimama. Kwenye resipi mpya refraktomita inatakiwa isome 9 na kidogo, inalinda sukari, lakini sukralosi bado haionekani, inalindwa na vifuko na daftari la sahihi mbili tu. Ni ulinzi wa watu, na watu huchoka.

Lawama kwa kijana wa mpiko wa tatu naikataa kabisa. Alikuta utaratibu ambao kosa lake halina mahali pa kuonekana. Kwa kilo 33 za sukari huwezi kwa bahati mbaya kumwaga 50, mgongo wenyewe utakwambia.

Upande wangu, nilikosea pale nilipofikiria stika. Nilikuwa naangalia hela za mteja wangu na nikasahau kwa dakika kadhaa nani anakunywa. Na kosa la zamani zaidi: mwaka mmoja kabla nilishamfundisha Dada K kupika na kuhifadhi, tukazungumza pH na joto siku nzima, lakini sikumwambia hata mara moja kwamba akibadilisha kiambato chochote anipigie kabla. Ingekuwa simu ya dakika tano.

Kilichofanya kazi vizuri ni namba ya simu kwenye lebo. Ni ya Dada K mwenyewe, anaipokea mwenyewe. Yule muuguzi asingekuwa na pa kupiga, mpiko wa nne ungepikwa Jumatatu iliyofuata, na paketi mbili zilikuwa tayari stoo. Mzee mpaka leo anakunywa ile ya asilimia 7, chupa moja kwa siku mbili, binti yake ndo anampimia.